Springi ya Nne

Tangu gari la mteja wake Deqa liondoke Mukuyuni siku ya Alhamisi, Mbaluka hakuweza kukaa. Alianza kazi akaiacha katikati. Alichukua spana, akatembea nayo hadi kando ya lami, akasimama akiangalia njia ya Machakos, akarudi na kuiweka pale pale alipoitoa. Ijumaa mchana mkewe, Nduku, alimletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye bakuli, naye akala vijiko vitatu akiwa amesimama.

"Baba Mutunga, kwani hicho kiti kina miiba?"

"Nina haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Gereji haina hata baiskeli."

Akamrudishia bakuli. Ni kweli gereji haikuwa na gari, na ni kweli pia kwamba yeye hakuwa na safari. Kilichomsumbua ndicho kilichokuwa safarini. Kilikuwa juu ya gurudumu la mbele la kushoto la Korola kuukuu, mahali fulani kati ya Kitui na Ukasi, na kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi.

Mbaluka ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Matiliku, lakini kazi alijifunza Kambu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, kwa fundi aliyeitwa Nyamai ambaye maisha yake yote yalikuwa springi za malori. Nyamai hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na sheria moja tu asiyoichezea: springi haichomwi moto. Chuma chake kimeshapikwa kiwandani kwa kipimo, alisema, na mtu akikipika mara ya pili kwa gesi amekiharibu. Palipoungua huwa palaini kama waya, au pakimwagiwa maji ya ghafla huwa pakavu kama kigae cha chungu, na siku moja pataachana. Hakuna mtu atakayekuambia ni siku gani.

Mbaluka aliiona siku ya namna hiyo akiwa bado kijana. Pikapu moja iliyofungwa springi zilizokatwa kwa moto na fundi wa mtaa wa pili ilikuwa ikiteremka kuelekea Kambu ikiwa na vitunguu. Springi ya mbele ikakatika, ncha yake ikaingia kwenye tairi, na pikapu ikalala korongoni. Watu wawili walitolewa humo wakiwa wamekufa. Mbaluka alikuwa kati ya waliowabeba. Viatu vya mmoja wao alivipeleka yeye mwenyewe kwa jamaa zake, akiwa amevifunga kwenye karatasi ya saruji.

Aliporudi nyumbani Makueni na kufungua gereji yake Mukuyuni, aliileta sheria ya Nyamai kama mtu anavyoleta sanduku lake. Akajulikana kwa kitu ambacho watu wa hapa walikuwa hawajakiona: springi za nati. Magari ya wenye uwezo hufungwa shoki ambazo mtu anaweza kuzipandisha na kuzishusha apendavyo, lakini seti mpya ya namna hiyo inaweza kuzidi thamani ya gari kuukuu lenyewe. Mbaluka alizitengeneza kwa vyuma vya magari yaliyokufa. Alichukua shoki ya gari, lile bomba la mafuta linalotuliza mrusho, akakisaga kile kiti cha chuma kinachobeba springi mpaka kikatoka. Mahali pake akavisha bomba fupi lenye meno kwa nje, lililokerezwa na fundi wa mashine kule Wote. Juu ya meno hayo zikakaa nati mbili pana, moja ya kubeba springi, nyingine ya kuikaba ya kwanza isilegee. Ukiizungusha nati juu, gari linapanda. Ukiizungusha chini, linashuka. Mwenye mzigo mzito halazimiki tena kusuguana na mawe.

Springi yenyewe aliitafuta kwenye gari zito kidogo kuliko la mteja, akaikata ifikie urefu unaotakiwa. Hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Alikata kwa grainda, polepole, huku maji yakidondoka kutoka kwenye chupa iliyotobolewa, akipumzisha chuma kila kikipata joto. Mkato mmoja ulimchukua nusu saa. Mwisho wake aliushika kwa mkono mtupu mbele ya mteja, ili mteja aone haukuwa moto.

"Kwangu springi haichomwi," alikuwa akisema, na alilisema hilo gerejini, sokoni na kwenye mkutano wa wanaume kanisani. Kuhusu mafundi wanaochoma alikuwa na maneno makali zaidi. "Huyo si fundi. Huyo ni muuaji ambaye zamu yake haijafika."

Watu walimheshimu kwa maneno hayo. Wengine walimwogopa kidogo, na yeye hakuona ubaya wa kuogopwa kwa ajili ya haki.

Deqa Abukar alimjia Jumatatu ya wiki hiyo. Anaishi Kitui mjini, na biashara yake ni maziwa ya ngamia, anayoyanunua kwa wafugaji kule mbele ya Ukasi na kuyauza Kitui na Machakos. Korola yake ya mwaka tisini na tano ilikuwa ikibeba madumu kumi na tano, na kwenye njia za porini tumbo lake lililala juu ya mawe. Alikuja na mdogo wake Mowlid, ambaye ndiye dereva.

"Nataka ipande nikiwa na mzigo, na ishuke nikiwa sina," Deqa alisema. "Watu wameniambia kuna fundi huku anafanya hiyo kitu bila mtu kuuza figo."

"Wamekuambia ukweli. Lini unataka?"

"Alhamisi jioni. Ijumaa nina maziwa."

"Alhamisi jioni utaikuta tayari."

Mbaluka alikuwa na fahari moja nyingine ambayo hakuihesabu kuwa fahari: hakuwahi kumwambia mteja arudi kesho.

Kufikia Jumatano springi tatu zilikuwa tayari. Alhamisi asubuhi upepo ukaangusha nguzo ya umeme karibu na soko, stima ikapotea Mukuyuni nzima, na grainda ikanyamaza. Alijaribu msumeno wa mkono. Meno yake yaliteleza juu ya springi kama kwenye kioo, na kufikia saa saba alikuwa amevunja nyembe mbili na kupata mkwaruzo usiofika ukubwa wa punje ya mtama. Kasyoki, mchomeleaji wa kibanda cha jirani, alikuwa ameegemea mlango akimtazama.

"Stima itarudi Jumamosi, mzee wa kanisa. Gesi yangu iko na haitaki stima. Dakika mbili."

"Unajua sichomi."

"Ni ncha tu, si springi yote. Ni kama kukata kucha."

Angeweza kumpigia Deqa simu na kumwambia angoje Mukuyuni mpaka stima irudi. Hilo ndilo jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya, na Mbaluka alikuwa na akili timamu. Lakini alikuwa ametoa ahadi ya Alhamisi jioni kwa sauti, mbele ya watu, na ile ahadi nyingine, ya moto, ilikuwa kati yake na Nyamai ambaye amekwisha kuzikwa. Akaishika inayoonekana. Saa tisa aliwasha gesi ya Kasyoki, akaikata springi ya nne ikiwa nyekundu kama kaa, na kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha akaichovya kwenye ndoo ya maji. Ikalia.

Ilipopoa, ncha yake ilikuwa na doa la buluu na zambarau, upana wa vidole viwili. Zile tatu zilikuwa na rangi ya kijivu. Hata mtu asiyejua gari angeuliza.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Alichukua kopo la rangi nyeusi lililobaki baada ya kupaka geti la shule, akazipaka zote nne.

Deqa alifika saa kumi na moja, akainama, akachungulia ndani ya gurudumu. "Hata rangi umetupakia, fundi."

"Ni ya kuzuia kutu," Mbaluka alisema.

Kwa kusema hivyo alikuwa amekamilisha uongo wake. Kuna watu watakaosema moto ulikuwa kosa na rangi ilikuwa jambo dogo. Mimi nasema moto ulimkuta akiwa na haraka, lakini rangi aliipaka akiwa ametulia, kwa brashi, akirudia sehemu zilizobaki wazi.

Ijumaa jioni alimpigia Deqa simu. Alikuwa ameyapanga maneno. Deqa akamwahi.

"Fundi, gari inatembea kama imelainishwa na siagi. Leo tulibeba madumu saba tu, maziwa yalikuwa kidogo, lakini Jumapili tunajaza yote. Nimeshaambia watu wawili juu yako."

"Sawa," Mbaluka akasema. "Nilikuwa nauliza tu hali."

Jumamosi stima ilirudi. Bila kumwambia mtu wala kujieleza mwenyewe, alichukua springi nyingine kutoka kwa gari la aina ile ile na lile alikozitoa zile nne, akaikata kwa grainda, polepole, maji yakidondoka. Alijiambia ni ya akiba. Akampigia Deqa simu mara nne, na mara zote akaambiwa mteja hapatikani. Mchana huo gari kila lilipofunga breki sokoni aligeuka. Jioni Nduku alimwambia kwamba kama ni ugonjwa aende hospitali, na kama ni deni amwambie.

"Si deni."

"Basi ni nini? Unatembea kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia."

"Kesho nitakuambia."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili hiyo Mbaluka alikuwa amepangiwa kutoa ushuhuda. Mchungaji Mutisya alikuwa na mafundisho ya mwezi mzima juu ya kazi ya mikono, na alikuwa amemtangaza wiki mbili kabla: ndugu yetu Mbaluka atatueleza jinsi mtu anavyoweza kuwa fundi na bado akawa mwaminifu. Watu walicheka siku ile, kwa kuwa mafundi wengi wa Mukuyuni walikuwa wameketi hapo hapo.

Alivaa suti yake ya kahawia. Kwaya ikaimba, ikakaa. Mchungaji akamwita. Mbaluka alisimama mbele, akaona nyuso za watu watatu ambao magari yao alikuwa ameyafunga, wakimtabasamia kama mashahidi walioletwa kumuunga mkono. Mikono yake haikujua pa kukaa. Akaiweka mfukoni, akaitoa.

"Mchungaji, naomba unisamehe," alisema. "Kuna gari nimelifunga vibaya na nilijua. Liko barabarani, na leo linajazwa mzigo. Siwezi kusimama hapa."

Akatoka kwa mlango wa kando. Nyuma yake kulikuwa na minong'ono, kisha sauti ya mchungaji ikiomba wimbo namba fulani ambao hakuusikia vizuri.

Kasyoki, ambaye Jumapili zake huzitumia kuosha pikipiki, alimwona akija mbio na suti.

"Wamekufukuza?"

"Nipeleke Kitui."

"Kitui gani? Hii Kitui ya mwendo wa saa tatu kwa pikipiki?"

"Springi ya Deqa. Leo wanajaza. Chukua jeki yako na sanduku la spana."

Kasyoki alifuta mikono. "Kama ni mbaya, na mimi niko ndani ya hiyo kesi. Gesi ilikuwa yangu."

"Gesi ilikuwa yako. Mkono ulikuwa wangu. Twende."

Walitoka saa nne na nusu, Kasyoki mbele, Mbaluka nyuma akiwa ameikumbatia ile springi mpya mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Upepo ulimfungua koti. Kila Korola iliyowapita aligeuza shingo kuitazama, na Kasyoki akawa anahisi kila mgeuko.

"Ukiendelea kugeuka hivyo, tutaanguka mimi na wewe na springi. Kisha nani atamwokoa yule mama?"

"Ongeza mwendo."

"Nikiongeza tutafika mapema, mbele ya Mungu."

Walipofika Wamunyu akamwambia Kasyoki asimame. Akapanda juu ya kichuguu kando ya barabara kutafuta mtandao, akapiga tena namba ya Deqa. Simu ikaita. Mowlid akapokea.

"Fundi wa Mukuyuni. Tunapakia madumu. Saa saba tunatoka."

"Msitoke."

"Kwa nini?"

Kasyoki, aliyekuwa akinyoosha mgongo, aliangalia pembeni.

"Ile springi ya mbele, kushoto. Niliikata kwa moto. Inaweza kuvunjika mkiwa na mzigo."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za madumu yakigongana. Kisha sauti ya Deqa.

"Sema tena hilo ulilomwambia Mowlid."

Akasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Uko wapi?"

"Wamunyu. Nakuja na nyingine."

"Nitakungoja," Deqa alisema, akakata.

Uwanja wa Deqa uko nyuma ya duka la nguo, na unanuka moshi, kwa sababu vyombo vya maziwa hufukizwa kabla ya kujazwa. Walipoingia, Korola ilikuwa imeshapakiwa madumu yote matupu, na Mowlid alikuwa amekaa juu ya boneti akizungusha funguo kidoleni. Wanaume watatu wa duka walikuwa wamesogea kuona. Deqa alikuwa amesimama kivulini, mikono ndani ya ushungi wake.

"Salaam aleikum, mama," Mbaluka alisema.

"Waleikum salaam. Toa."

Alivua koti, akalitundika kwenye kioo cha gari. Akapiga jeki, akatoa gurudumu, akalala kwenye vumbi na shati jeupe la kanisani. Kasyoki alimpa spana bila kuitwa. Nati zikalegea moja baada ya nyingine, shoki ikatoka, na springi ikamwangukia mikononi. Aliifuta, akaichuna rangi kwa kisu. Doa likaonekana: buluu, zambarau, upana wa vidole viwili.

"Ni hapa," akasema, akimwonyesha Deqa.

Deqa aliinama na kuitazama kwa muda. "Hiyo rangi ulipaka kwa sababu ya kutu?"

"Hapana. Nilipaka ili usione."

Mmoja wa wale wanaume alisonya. Mowlid alishuka kwenye boneti.

"Basi weka nyingine twende," Mowlid alisema. "Jua linaenda. Wale wafugaji hawatakaa na maziwa mpaka yagande."

"Ngoja," Deqa akasema. Bado alikuwa akimtazama Mbaluka. "Na hizo tatu?"

"Hizo ni safi. Nilizikata kwa grainda kabla stima haijapotea."

"Nitajuaje?"

Mbaluka alitaka kusema kwamba watu wote Makueni wanajua yeye ni nani. Alitaka kusema uliza mtu yeyote Mukuyuni. Akaona kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomleta Deqa kwake siku ya Jumatatu, na kwamba rangi iliyokuwa juu ya zile tatu ilikuwa ile ile moja.

"Huwezi kujua," akasema.

"Basi zifungue zote."

"Dada," Mowlid akasema, "tukifungua zote leo hakuna Ukasi."

"Piga simu. Waambie maziwa ya leo wampe mtu mwingine."

"Wakimpa mtu mwingine leo, kesho watampa tena."

"Najua. Piga."

Mowlid alitembea hadi getini na simu yake, na walimsikia akizungumza Kisomali kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Mbaluka alitaka kusema kwamba hasara ya siku hiyo ataibeba yeye. Alimwangalia Deqa usoni, akaenda kwenye gurudumu la pili.

Kazi hiyo ilichukua mpaka saa kumi na moja. Alitoa springi moja moja, akaichuna rangi yote, si ncha tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka chuma kikabaki kijivu kitupu. Kila moja alimpelekea Deqa, naye Deqa aliizungusha mkononi, akaitazama mizunguko yote, akapitisha kidole kwenye mkato. Hakuwa na haraka. Ya pili ilikuwa safi. Ya tatu pia. Alipoipokea ya mwisho aliikagua kwa muda ule ule alioikagua ya kwanza, ingawa Mowlid alikuwa anaguna nyuma yake. Nayo ilikuwa safi.

Wakati huo Kasyoki, aliyekuwa amechoka kukaa, aliichukua ile iliyoungua, akailaza juu ya jiwe, akaipiga kwa nyundo. Ikaruka. Akaipiga tena, kwa nguvu, mara nne au tano, pale pale penye doa. Haikuvunjika.

"Umeona, mzee?" akasema. "Bado iko ngangari. Tumekuja Kitui bure."

Deqa aligeuka kumtazama Kasyoki, kisha akamtazama Mbaluka aliyekuwa amepiga magoti kwenye vumbi na spana mkononi.

"Siku ile, ungeniambia stima imepotea," alisema, "ningelala hapo Mukuyuni. Ndani ya gari. Nimeshalala mahali pabaya kuliko hapo."

Hilo ndilo lililomwingia kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na njiani alikuwa ameyajibu mengi kichwani. Jambo aliloliogopa Alhamisi ile, kumwambia mteja arudi kesho, lilikuwa jambo ambalo huyu mama hangemlaumu kwalo hata kidogo.

Alifunga springi zote, ile mpya na zile tatu, akakaza nati, akaikaba kila nati kwa mwenzake, akapandisha gari kwa urefu wa mzigo kamili. Kasyoki akaokota vyombo. Mbaluka akamwuliza Deqa kama ana kopo la rangi, maana chuma kitupu kitashika kutu.

"Acha kishike," Deqa akasema. "Nataka kukiona."

Hakumwambia kwamba amemsamehe, wala hakusema kwamba hatarudi. Alimwita mtu wa duka alete chai, Mbaluka akainywa akiwa amesimama, akaaga.

Jumapili iliyofuata hakuitwa mbele. Alinyanyua mkono mwenyewe, akaenda, akasimulia yote bila kuruka gesi wala brashi. Haikuwa hadithi ya kumpendeza mtu. Wawili kati ya wale watatu waliomtabasamia walimletea magari yao kesho yake, si kwa hasira, ila walitaka azifungue springi waone. Akafungua. Fundi mmoja wa sokoni, ambaye Mbaluka alikuwa amemwita muuaji mbele za watu, alipita gerejini akamsalimia kwa adabu nyingi mno, na Mbaluka akaitikia. Maneno yale ya muuaji na zamu yake hajayasema tena tangu siku hiyo. Ile sheria bado anaisema, ila siku hizi anaisema kwa sauti ya chini.

Springi zake sasa hutoka gerejini bila rangi. Mwalimu Nzisa wa sekondari, alipokuja kuchukua Datsun yake juzi, hakulipenda jambo hilo.

"Fundi, kazi nzuri hivi, lakini hizi zitaota kutu kabla ya mvua ya pili. Hata rangi kidogo?"

"Zitaota, mwalimu."

"Na huoni ni aibu?"

"Kutu utaiona," Mbaluka alisema. "Ukiona kitu kingine, nirudishie gari."

Mpaka leo hajui kama springi ya nne ingevunjika. Imelala nyuma ya gereji karibu na ndoo, na Kasyoki kila akipita huipiga teke na kumwuliza kama iko tayari kufa. Haivunjiki. Mbaluka haoni kwamba jambo hilo linampunguzia chochote. Na jioni, gari kuukuu lenye mzigo likipita kuelekea Machakos na kurukia lile tuta la mbele ya soko, huacha alichoshika, akainua kichwa na kusikiliza mpaka mlio wake upotee, ndipo anarudi kwenye kazi.